Kumi Kushuka Hadi Moja: Kuflashi Ruta ya Nyumbani kwa Programu Huria

Kama simu yako imewahi kulala kwa fundi ikaflashiwa, neno hili unalijua: unaondoa programu iliyokuja na kifaa, unaweka nyingine. Tunachosahau ni kwamba kile kiboksi chenye antena juu ya kabati la televisheni, ambacho nyumba nzima hukikumbuka siku waifai inapozingua tu, nacho ni kompyuta kamili. Kina prosesa, kina kumbukumbu, kina hifadhi, na kinaendeshwa na programu dhibiti. Programu hiyo inaondoka, na mahali pake unaweza kuweka OpenWrt: mfumo huria uliojengwa juu ya Linux, unaotolewa bure na kutunzwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Una ndugu zake, DD-WRT na FreshTomato, nao wanajiweza. Leo zamu ni ya OpenWrt, kwa sababu inakubali aina nyingi mno za ruta na kazi yake yote inafanyika hadharani.

Hesabu yetu inashuka. Kumi hadi tano ni kazi ya mikono, kwa mpangilio wa kuifanya. Nne hadi moja ni sababu za kujisumbua, na uzito wake unapanda kadiri namba inavyoshuka. Chaji laptopu, vaa miwani, na mwambie shemeji kwamba mtandao utakatika kwa muda. Akinuna, mwekee chai.

10. Igeuze, usome tumbo lake

Usiamini boksi, wala kumbukumbu ya muuzaji, wala binamu yako "anayejua kompyuta". Chini ya ruta kuna stika yenye jina la modeli, na pembeni ya jina hilo kuna herufi v na namba: v1, v2, v5. Kiherufi hicho ndicho bosi wa shughuli yote. Archer C7 v2 na Archer C7 v5 ziliuzwa kwa jina moja, lakini kila moja ina faili lake. Hata hiyo v2 yenyewe ina mafaili tofauti kwa ruta zilizotengenezewa soko la Ulaya na zile za soko la Marekani. Kwa sisi tunaookota ruta za mitumba Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi, hilo si jambo la kupuuza: ruta iliyo mkononi inaweza kuwa imezunguka dunia kuliko mwenye nayo.

Ukishaisoma stika, ipige picha, kisha nenda kwenye tovuti ya OpenWrt uitafute modeli yako katika orodha ya vifaa. Ikiwapo pamoja na namba yake ya v, endelea. Isipokuwapo, acha hapo hapo. Modeli "inayofanana sana" na yako haihesabiki. Pacha wa mtu hapandi ndege kwa pasi ya mwenzake.

9. Pima ubongo kabla ya kuuongezea elimu

Ruta ina hifadhi inamokaa programu, na ina kumbukumbu inamofanyia kazi. Kima cha chini ambacho OpenWrt ya sasa inakihitaji ni megabaiti 8 za hifadhi na 64 za kumbukumbu. Kwa raha zaidi tafuta 16 na 128, ambavyo ndivyo vipimo vya ile Archer C7 v2. Ruta za zamani zenye 4 na 32 zilihudumiwa mpaka toleo la 19.07, kisha zikapumzishwa. Bibi kafanya kazi, mwacheni apumzike.

Angalia na chipu. Zenye chipu za MediaTek na Qualcomm Atheros huelewana vizuri na OpenWrt. Waifai ya Broadcom mara nyingi huleta kazi, kwa kuwa msimbo wa viendeshi vyake umefungwa; unaweza kumaliza kuflashi ukabaki na ruta inayopitisha waya vizuri huku waifai ikisuasua.

Usidhani vipimo hivi ni porojo za mafundi. Linksys WRT54G, ile ruta ya bluu na nyeusi iliyoanzisha habari hii yote, ilikuwa na megabaiti 4 za hifadhi na 16 za kumbukumbu. Mwaka 2005 likaja toleo la v5: umbo lile lile, jina lile lile, hifadhi 2, kumbukumbu 8, na ndani Linux imeondolewa ikawekwa VxWorks. Wapenzi wa ruta hiyo walilalamika hadi kampuni ikatoa WRT54GL, ambayo ilirudisha Linux na vipimo vya awali. Aliyesoma stika ndiye aliyejua anachonunua. Kwa hiyo mtu akikucheka unapochungulia tumbo la ruta, mwambie unafuata sunna ya wakongwe.

Na ile ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti? Mara nyingi imefungwa, na mara nyingi bado ni mali yao. Iache ilivyo. Nunua yako, uichomeke nyuma yake, uiflashi hiyo. Cha watu hakipakwi rangi.

8. Mafaili mawili, usiyachanganye

Ukifungua ukurasa wa modeli yako utakuta mafaili yenye maneno mawili ya kuangalia: *factory* na *sysupgrade*. La *factory* ni la mara ya kwanza, unapotoka kwenye programu ya kiwandani. La *sysupgrade* ni la kusasisha ruta ambayo tayari ina OpenWrt. Chukua toleo thabiti, si lile la majaribio linaloitwa *snapshot*, maana hilo huja bila LuCI, yaani bila zile kurasa za kubofya kwenye kivinjari. Kama hupendi kuandika amri kwenye skrini nyeusi, *snapshot* haitakupenda pia.

Kisha hakikisha faili limefika salama. Pembeni ya kila faili kuna alama yake ya SHA256, mfululizo wa herufi na tarakimu 64. Kwenye Linux andika `sha256sum` na jina la faili. Kwenye Windows tumia `certutil -hashfile` ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256. Linganisha. Zikifanana zote, faili ni lenyewe. Ikitofautiana hata moja, futa upakue tena, wala usiingie nalo kwenye mjadala.

Pakua kila kitu mapema: faili la *factory*, faili la *sysupgrade*, programu ya awali kutoka kwa mtengenezaji kama anaitoa, na maelekezo ya ukurasa wa modeli yako. Kumbuka kwamba ukishaanza, mtandao wa nyumbani haupo. Chukua na kalamu: jina na nenosiri la PPPoE, yaani la kuingilia kwenye intaneti, kama kampuni yako inatumia, namba ya VLAN kama ipo, na nenosiri la sasa la waifai. Mali bila daftari huisha bila habari, na nenosiri la PPPoE bila daftari humaliza jioni nzima ukisikiliza muziki wa huduma kwa wateja.

7. Waya mezani, LUKU ina uniti

Kuflashi kwa waifai ni kukata tawi ulilokalia. Chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye laptopu hadi kwenye mojawapo ya malango ya LAN, na uzime waifai ya laptopu ili isije ikajiunga kwa jirani katikati ya shughuli.

Umeme ndio mkubwa zaidi. Ruta inapofuta programu ya zamani na kuandika mpya, kuna kipindi kifupi ambacho ndani hakuna ya zamani wala mpya iliyokamilika. Umeme ukikatika hapo, inakuwa kiboksi cha plastiki. Kwa hiyo angalia uniti za LUKU kabla ya kubofya, na kama una zile UPS ndogo za ruta, leo ndiyo siku yake ya kuonyesha thamani. Laptopu iwe na chaji ya kutosha. Mawingu yakiwa mazito na mtaa wenu unajulikana, fanya kesho. Ruta haina miadi.

Baada ya hapo kazi yenyewe ni fupi. Ingia kwenye kurasa za kiwandani, tafuta sehemu ya kusasisha programu dhibiti, chagua faili la *factory*, bofya, kisha toa mikono. Baadhi ya kurasa hizo hukataa faili lenye jina refu. Ukikuta hivyo, lipe jina fupi. Taa zitawaka, zitazima, zitapepesa. Usiguse waya, usiguse swichi, na usikubali mtu aje "kuangalia kidogo". Dakika chache zinatosha. Nenda kamimine ile chai ya shemeji.

6. Karibu nyumbani: hakuna nenosiri

Ruta ikishawaka, fungua kivinjari uandike 192.168.1.1. Jina la kuingilia ni root. Nenosiri hakuna. Ndiyo, hakuna kabisa, na kazi yako ya kwanza duniani ni kuliweka. Waifai nayo utaikuta imezimwa makusudi, ili mtandao usio na ulinzi usianze kurushwa hewani kabla hujaamua. Watoto wataanza kupiga kelele kwamba umeiharibu. Waambie mtaalamu yuko kazini.

Kama ruta hii iko nyuma ya ruta ya kampuni, na ile nayo inatumia 192.168.1.1, zitagombania anwani na utabaki unashangaa kwa nini hakuna intaneti. Badilisha anwani ya yako iwe 192.168.2.1, na ugomvi umekwisha.

Sasa washa waifai, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, kisha weka msimbo wa nchi: TZ kwa Tanzania, KE kwa Kenya, CD kwa Kongo ya Kinshasa. Usiuruke. Kwa msimbo huo ruta inajua masafa na nguvu zinazoruhusiwa pale ulipo. Kudanganya kwamba uko nchi nyingine ili upate nguvu zaidi ni kuwaingilia wengine hewani, na hewa ya mtaa ni ya wote.

Weka na saa za Dar es Salaam au Nairobi. Ruta nyingi hazina betri ya saa, kwa hiyo umeme ukikatika husahau ni lini. OpenWrt ikiamka huangalia tarehe ya faili jipya kuliko yote katika mipangilio yake, huanza kuhesabia hapo, kisha huuliza saa sahihi kwenye mtandao. Kitu kidogo, lakini ndicho kinachoonyesha kwamba waliokiandika waliwafikiria hata watu ambao umeme wao una tabia.

5. Ikizima, usipige mayowe

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ruta nyingi zinazosemwa zimekufa zimezimia tu, na kuna ngazi mbili za kuziamsha.

Ya kwanza ni pale OpenWrt imo ndani lakini umevuruga mipangilio ukajifungia nje. Zima, washa, na taa inapoanza kupepesa haraka wakati wa kuamka, bonyeza kitufe, kwa kawaida kile cha reset. Taa ikipepesa kwa kasi zaidi, umeingia katika hali ya dharura. Weka laptopu anwani ya 192.168.1.2, ingia kwa ssh kwenye 192.168.1.1, andika `firstboot`, kisha uwashe upya. Mipangilio yote inafutika na unaanza na ruta safi. Makosa yako yamesamehewa.

Ya pili ni pale programu yenyewe imeharibika. Ruta nyingi zina kipande kidogo cha kuamshia ambacho kuflashi kwa kawaida hakukigusi. Tuichukue tena Archer C7 v2. Laptopu unaipa anwani 192.168.0.66, unawasha juu yake seva ndogo ya TFTP, na unaweka humo faili lililopewa jina `ArcherC7v2_tp_recovery.bin`. Jina liwe hivyo hivyo, herufi kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo. Shikilia kitufe cha reset huku ukiwasha ruta, nayo itatoka yenyewe kwenda kulitafuta faili hilo kwenye anwani hiyo. Utaona seva inaandika kwamba faili linachukuliwa. Hakuna sauti tamu kuliko ukimya wa ruta inayokula faili lake la uokoaji.

Kila modeli ina anwani yake na jina lake la faili. Ndiyo maana tulipakua maelekezo mapema kule kwenye namba nane. Ulidhani tulikuwa tunajaza kurasa?

4. Nani kala bando?

Tumemaliza jasho, sasa tule matunda. Kila nyumba inayonunua intaneti kwa gigabaiti ina kesi hii: bando la mwezi limeisha tarehe kumi na mbili na hakuna aliyeligusa. Sakinisha kifurushi kinachoitwa luci-app-nlbwmon. Kinahesabu kila kifaa kimetumia kiasi gani, kinakuchorea na duara la rangi. Sasa baba hahitaji kukaripia mtu. Anafungua ukurasa, anaonyesha, kesi imefungwa. Na tahadhari kwa wazazi: kipimo hakipendelei. Kama mechi na tamthilia za usiku ni zenu, duara litasema.

Hicho ni kimoja tu. OpenWrt ina ghala la maelfu ya vifurushi, na unachagua kinachotosha hifadhi yako. Kipo adblock, kinachozuia seva za matangazo kwa nyumba nzima, pamoja na ile televisheni ambayo huwezi kuisakinishia chochote. Kwa mwenye bando dogo, tangazo lisilopakuliwa ni megabaiti zilizobaki. Kipo mwan3, kinachounganisha njia mbili za intaneti: faiba ikikatika, ruta inahamia kwenye simu iliyochomekwa kwa USB au modemu ya 4G, na mkutano wako unaendelea. Ipo WireGuard, ambayo inakuwezesha uliye Muscat au Minneapolis kuingia kwenye mtandao wa nyumbani kwenu Tanga kwa njia iliyofungwa, uone kamera ya getini au umrekebishie mama printa.

Halafu kuna mtandao wa wageni. Unautengeneza kando, una nenosiri lake, na aliyemo anapata intaneti bila kuona kompyuta zako wala diski yako. Mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza. Nenosiri la mtandao mkuu usimpe hata siku ya saba.

3. Foleni inakwisha

Hii ndiyo itakayokufanya uwapigie simu marafiki. Umelipia mega 20, kipimo cha kasi kinaonyesha mega 20, lakini simu ya mtu mmoja ikianza kupeleka picha mawinguni, simu ya video ya mwingine inaganda. Watu hulaumu kampuni na kununua kasi kubwa zaidi. Mara nyingi tatizo ni foleni ndani ya ruta na modemu.

Vifaa hivi vimewekewa sehemu kubwa mno ya kusubiria data. Picha zako zinaijaza, na sauti ya simu ya video, ambayo ni vipande vidogo vyenye haraka, inakaa nyuma yake. Ni duka la mtaani ambapo mtu wa kiberiti kimoja amesimama nyuma ya mtu anayepimiwa magunia kumi. Jim Gettys aliliona hili kwenye intaneti ya nyumbani kwake na kuanza kulitangaza mwishoni mwa 2010, akaliita *bufferbloat*. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa CoDel, kanuni inayopima muda ambao data imesubiri na kuanza kupunguza foleni inapozidi. Eric Dumazet akaiunganisha na upangaji wa haki kati ya mitiririko ya data, ikawa fq_codel. Baadaye ikaja CAKE, ambayo iliingia kwenye Linux toleo 4.19 mwaka 2018. Sehemu kubwa ya majaribio haya ilifanyika juu ya OpenWrt, kupitia mradi wa CeroWrt, na aliyewasukuma wenzake bila kuchoka alikuwa Dave Täht, aliyefariki Aprili 2025. Tukipiga simu ya video bila kuganda, tuna deni kwake.

Kuiwasha CAKE ni kazi ya dakika. Sakinisha luci-app-sqm. Pima kasi yako halisi mara kadhaa, ikiwemo jioni wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Chukua asilimia 85 hadi 95 ya ulichokipata, uandike hiyo kama kasi ya kushusha na ya kupandisha. Chagua cake. Unatoa sadaka kasi kidogo ili foleni ihamie kwenye ruta yako, ambako kuna anayeipanga kwa haki. Kwa mtandao wa 4G, ambao kasi yake hupanda na kushuka, andika kiwango cha chini zaidi. Na ruta ya zamani haitaweza kupanga mamia ya mega, prosesa itahema. Kwa mega 20 au 40 za nyumba nyingi, itacheka.

Kisha mwambie kijana apakie video yake huku wewe ukimpigia dada yako kwa picha. Mtamaliza umbea wote, mpaka ule wa harusi ya mwaka juzi.

2. Usipoziba ufa

Mtengenezaji akishauza ruta ana haraka ya kuuza nyingine. Masasisho huja mwaka wa kwanza, labda wa pili, kisha kimya. Ruta inabaki imewashwa usiku na mchana, mbele kabisa ya mtandao, na nyufa zilizokwisha kujulikana na dunia nzima.

Waovu wanajua. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa kujaribu orodha fupi ya majina na maneno ya siri ya kiwandani ambayo hakuna aliyeyabadilisha, na Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo vilivyotekwa likaiangusha Dyn, kampuni ya huduma za DNS, na tovuti kubwa kubwa zikapotea kwa saa kadhaa. Mei 2018 watafiti wa Cisco Talos walitangaza programu hasidi nyingine, VPNFilter, iliyokuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vingi vikiwa ruta za majumbani na maofisi madogo. FBI ikawaomba watu wazime ruta zao na kuziwasha upya. Fikiria: polisi wa Marekani wanaomba uchomoe waya wako wa ukutani.

Programu huria haikosi dosari. Oktoba 2017 ulipotangazwa udhaifu wa KRACK katika WPA2, uliigusa karibu kila waifai duniani. Tofauti ilikuwa kwenye tiba: LEDE, tawi lililojitenga na OpenWrt mwaka 2016 na kurudiana nayo mwanzoni mwa 2018, lilitoa toleo lililozibwa mwezi huo huo, likiwahudumia hata wenye ruta ambazo watengenezaji walikwisha kuzitupa. Desemba 2024 mtafiti alipogundua tatizo katika huduma ya OpenWrt ya kutengeneza mafaili ya kusasisha, ilizimwa na kurekebishwa ndani ya saa chache, na taarifa ikawekwa wazi kwa kila mtu. Hivyo ndivyo jirani mwema anavyofanya: akiona moshi kwako, anagonga mlango.

Kwa hiyo ruta iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita inaweza kuendelea kuzibwa nyufa leo. Hiyo ni fedha iliyobaki mfukoni, na ni takataka moja pungufu kwenye dampo letu. Lakini nawe timiza wajibu: toleo jipya thabiti likitoka, sasisha. OpenWrt iliyoachwa miaka mitano bila kuguswa ni ruta nzee yenye kofia mpya.

1. Ni haki yako, na iko kwenye maandishi

Namba moja ni leseni. Usikunje uso, kaa hapo hapo.

Katikati ya 2003 Andrew Miklas aliandika kwa watengenezaji wa Linux kwamba ndani ya WRT54G kulikuwa na Linux, na kwamba msimbo wake haukuwa umetolewa. Linux iko chini ya leseni ya GPL, ambayo inasema hivi kwa ufupi: ukimpa mtu programu hii, mpe na haki ya kupata msimbo wake, pamoja na mabadiliko uliyoyafanya. Linksys ndiyo kwanza ilikuwa imenunuliwa na Cisco kwa karibu dola milioni 500. Watu wakadai, na mwaka huo huo msimbo ukatolewa. Januari 2004 OpenWrt ikaanza kutokana na msimbo huo. Zile herufi tatu za mwisho ni za ruta ile. Kila kitu tulichokisimulia hapo juu, mpaka duara la kesi ya bando, kimetoka kwa watu waliosoma leseni wakaichukulia kwa uzito.

Haki hiyo imeshawahi kutikiswa. Mwaka 2015 FCC, msimamizi wa mawasiliano wa Marekani, iliwataka watengenezaji waeleze jinsi ruta zao zinavyozuia programu za watu wengine, na waraka ukaitaja DD-WRT kwa jina. Hofu yao kwamba ruta zingeingilia masafa ya wengine ilikuwa ya kweli, lakini dawa ingefunga ruta zote. Dave Täht na Vint Cerf, mmoja wa waliounda intaneti, wakaandika barua pamoja na wataalamu zaidi ya 200 kupinga, na lugha ikalegezwa. Agosti 2016 TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 katika shauri la nguvu za masafa, na ndani ya makubaliano hayo hayo ikaahidi kufanya kazi na jamii ya programu huria ili ruta zake zikubali programu za nje. Mwishoni mwa 2024 ikatoka OpenWrt One, ruta iliyobuniwa na mradi wenyewe pamoja na shirika la Software Freedom Conservancy na kutengenezwa na Banana Pi. Ina hifadhi mbili, moja ya kazi na moja ya uokoaji, na swichi ya kuchagua. Kuiua inabidi utumie nyundo. Iliuzwa dola 89 na kasha lake, na dola 10 za kila moja zikaenda kwenye mfuko wa mradi.

Sasa zamu yako. Ukienda dukani, uliza kabla ya kuuliza bei: "Kaka, hii ni v ngapi? Inakubali OpenWrt?" Akikosa jibu leo, wateja kumi wakimuuliza wiki hii atalitafuta. Na ukifungua boksi, usitupe kile kijitabu cha maandishi madogo. Toleo la pili la GPL linamtaka muuzaji asiyeweka msimbo ndani ya boksi akupe ahadi ya maandishi, ya miaka isiyopungua mitatu, kwamba yeyote atakayeuomba atapewa. Andika barua, uombe. Bei ya ruta uliyolipa imeibeba haki hiyo tayari. Itumieni, jamani, kabla watu hawajazoea kuishi kana kwamba haipo.